Kinda wa Tai Kwenye Mvule: Masahihisho ya Somo la Mwaka Jana



Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu akikosea ubaoni hana budi kufuta na kuandika upya mbele ya wanafunzi wale wale waliomwona akikosea. Leo nafuta. Mwaka 2024 niliiambia Halmashauri ya mtaa wetu, kisha nikaandika katika ukurasa huu, kwamba tai wa mvule wa makaburini watakuwa wamemaliza kulea kinda wao kabla ya Krismasi, na kwamba kinda akisharuka hakutakuwa na sababu tena ya kuzuia mti ule usikatwe. Halmashauri ikaniamini, ikaahirisha kuuza mti. Kinda akaruka kama nilivyosema. Lakini malezi hayakwisha, na hata leo ninapoandika, mwezi Juni 2025, hayajakwisha. Kwa kuwa kikao cha Julai kitaamua habari ya mti huo kwa kutegemea maneno yangu, ni haki wasomaji wayajue niliyoyaona tangu siku hiyo, pamoja na yale niliyopaswa kuyajua kabla sijafungua kinywa.

Kwanza nieleze kwa ajili ya wageni. Mvule wetu uko mwisho wa makaburi ya zamani, pale shamba la kanisa linapokutana na msitu. Shina lake watu wanne hawalikumbatii. Katika panda kubwa ya kwanza, kiasi cha futi 80 kutoka chini, kuna rundo la vijiti ambalo wengi wetu tulilidhani ni takataka zilizokusanywa na upepo. Mimi mwenyewe nimezika ndugu zangu chini ya mti ule, wala sikuinua macho. Rundo hilo ni kiota. Kiota cha namna hii hutumika miaka mingi na kila mara huongezwa vijiti, hata huweza kufika zaidi ya mita 2 kwa upana.

Mwenye kiota ni tai wa msituni mwenye kishungi, ambaye wataalamu wamempa jina lenye maana ya "mwenye taji". Yuko katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, popote penye msitu au miti mikubwa. Tusimchanganye na mwewe anayetuibia vifaranga, wala na furukombe wa mitoni mwenye kichwa cheupe. Huyu mgongo wake ni mweusi wa kijivu, kifua na tumbo vina mabaka ya weusi, weupe na hudhurungi, na akishtuka husimamisha manyoya ya kisogoni. Jike huweza kupita kilo 4, na dume ni mdogo kuliko mkewe, kama ilivyo kwa ndege wengi walao nyama. Mbawa zake ni fupi na pana kwa mwili ule, na mkia ni mrefu, kwa sababu hawindi mbugani peupe; hupenya kati ya matawi, na mkia ndio usukani wake. Miguu ni minene, nao ukucha wa nyuma ni mrefu kuliko pingili ya mwisho ya kidole gumba changu.

Mahali petu pa kutazamia palikuwa mwamba ulio ng'ambo ya korongo, kiasi cha hatua 150 kutoka kwenye mti. Nilikuwa na darubini niliyoazima kwa bwana miti, na mjukuu wangu wa darasa la tano alikuwa na daftari. Hatukusogea karibu zaidi, na nawaomba vijana nao wasisogee. Jike mwenye kinda hamwogopi mtu. Wapo waliopanda miti ya viota kama hivi wakajeruhiwa, nami nisingependa kuandika tangazo la msiba katika gazeti hili.

Mwezi wa Juni 2024 tuliwaona wakileta vijiti, kisha matawi mabichi yenye majani, wakiyatandika kiotani. Asubuhi dume alikuwa akipanda juu sana hata akawa kama nukta, akishuka na kupanda kama mtu anayepita vilima, huku akipiga kelele inayosikika hadi shuleni. Tarehe 16 Julai jike alikaa kiotani wala hakuinuka. Kuanzia hapo dume peke yake ndiye aliyewinda. Alileta mnyama, jike akatoka kwenda kula kwenye tawi la pembeni, naye dume akaingia kuatamia kwa muda. Mara nyingi, kwa kweli, hatukuona kitu chochote ila kichwa cha jike juu ya ukingo wa kiota. Mjukuu wangu aliandika "amekaa" mara nyingi hata akaanza kutumia alama ya msalaba mdogo badala ya neno.

Tarehe 3 Septemba, siku ya 49, jike alisimama ukingoni akainamisha kichwa, akawa ananyofoa vipande vya nyama vidogo kama punje na kuvipeleka chini taratibu. Hapo tulijua kuna kinda.

Tai huyu hutaga yai moja au mawili. Yakianguliwa mawili, kinda wa kwanza humpiga wa pili hata afe, au humzuia asile mpaka adhoofu, na mzazi akiwa hapo hapo haingilii. Wataalamu wenyewe hulitaja jambo hili kwa majina ya Kaini na Habili. Katika milima ya Matobo huko Zimbabwe, Bibi Valerie Gargett alichunguza jamaa yake tai huyu, tai mweusi wa majabali alaye pimbi, na katika kiota kimoja alihesabu kwamba kinda mkubwa alimdonoa mdogo mara 1,569 kwa siku tatu. Chakula hakikuwa kimepungua kiotani. Niliposimulia habari hii katika darasa la Jumapili, mama mmoja aliinuka akasema hapendi watoto wasikie mambo hayo. Namheshimu, ila mimi naona ni afadhali mtoto amjue tai kama alivyo. Kwenye mvule wetu, tangu siku tulipoweza kuona ndani ya kiota kidogo, tuliona kinda mmoja tu.

Sasa nitakaa kidogo katika jambo lililonishangaza kuliko yote. Zile kucha, ambazo zinaweza kumwua mbega kwa kumbana mara moja, jike alizikunja kama mtu aliyefumba ngumi kila alipotembea ndani ya kiota. Alitembea kwa kuyumba, kama mzee mwenye viatu vinavyombana, asije akamchoma mtoto. Mvua za vuli zilipoanza alisimama juu ya kinda na kufunua mbawa zake nusu, maji yakamchuruzika mgongoni. Siku moja mvua ilinyesha tangu saa tatu hadi saa saba mchana, naye hakusogea. Dume alikuja na nyama, akaiweka, akaondoka. Simlaumu. Wote wawili walikula kwa jasho lake.

Kinda alianza na yale manyoya laini meupe tuyaitayo malaika. Katikati ya Oktoba mashina meusi ya manyoya ya mbawa yakaonekana, kana kwamba mtu amemchomeka kalamu. Mwezi Novemba mama yake alianza kuondoka naye kwenda kuwinda, na kinda akajifunza kurarua nyama mwenyewe, mara nyingi akianguka nayo kinyumenyume. Alikuwa akisimama ukingoni akipiga mbawa, kila siku kwa nguvu zaidi, vijiti vikidondoka makaburini. Jambo la kuchekesha ni kwamba kinda wa tai huyu hafanani na wazazi wake. Kichwa chake na kifua chake ni vyeupe kabisa, na weupe huo humkaa muda mrefu. Mzee mmoja jirani yangu alinisimamisha njiani kunipa habari ya kusikitisha kwamba tai wetu wamenyang'anywa kiota na ndege mweupe wa kigeni.

Aliruka tarehe 22 Desemba 2024, siku ya 110. Ilikuwa Jumapili ya nne ya Majilio, na mimi nilikuwa kanisani. Siku mia moja na kumi nimekaa juu ya mwamba, na siku yenyewe sikuwapo! Aliyeona ni kijana aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Watu wameniuliza sana juu ya Kumbukumbu la Torati 32:11, kama kweli mama alimbeba mtoto juu ya mbawa zake. Kijana yule nilimhoji kama hakimu. Anasema kinda alisimama juu ya tawi, akapiga mbawa, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mti wa pili, akatua vibaya, akaning'inia kidogo kichwa chini, kisha akajiweka sawa. Wazazi hawakuwa karibu. Maana ya mstari ule namwachia Padre.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Katika kitabu nilichokuwa nacho nilisoma kwamba kinda huruka akiwa na siku kama 110, nikafunga kitabu. Nilifikiri kama wengi tunavyofikiri juu ya kuku: kifaranga akiota mbawa, mama humfukuza, basi. Mwezi Januari nikaieleza Halmashauri kwamba tai wamemaliza. Ikaandikwa katika kumbukumbu za kikao kwamba mvule utakatwa baada ya masika, barabara ikikauka na lori likiweza kupanda. Nikarudisha darubini kwa bwana miti.

Mjukuu wangu hakufunga daftari. Mwezi Februari aliniambia, "Babu, mbona yule mweupe bado analia kule makaburini?" Nikamjibu kwamba ndege wa msituni ni wengi na wote hulia. Aliitikia, "Ndiyo, Babu," kwa adabu kabisa, kisha akaniletea daftari. Alikuwa akipita pale kila siku akienda kisimani, na alikuwa ameandika tarehe. Katika wiki tatu alikuwa amemwona kinda kiotani au kwenye mti wa jirani siku kumi na tano, na mara sita alimwona mzazi akileta nyama pale pale kwenye mvule. Nilivaa kofia nikaenda kuiazima darubini mara ya pili.

Asubuhi ya kwanza niliyorudi kwenye mwamba palikuwa na ukungu. Kinda alikuwa kwenye mgude, upande wa bondeni, akilia bila kukoma. Saa mbili na nusu dume alisikika mbali akijibu. Kinda akaruka upesi mpaka kiotani, akajikunyata, akawa analia kwa namna nyingine, kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Dume akaingia kutoka msituni akiwa na paja la kima. Alilitupa kiotani na kuondoka papo hapo, naye kinda akalifunika kwa mbawa zote mbili, kana kwamba kuna wa kumnyang'anya. Ndege mkubwa vile, mwenye miezi mitano, hakuwa na uwezo wa kujipatia hata panya.

Baada ya hapo nilitafuta kusoma, na safari hii nilisoma mpaka mwisho. Alikuwapo Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo huko Kenya, akafariki mwaka 1980. Kwa miaka mingi alitazama viota vya tai katika nchi ya Embu na karibu na Nairobi, mwaka hata mwaka kwenye kiota kile kile. Yeye na wengine waliomfuata waligundua kwamba kinda wa tai mwenye kishungi, akisharuka, huendelea kulishwa na wazazi kwa muda wa miezi 9 hadi 11. Chakula huletwa kiotani au karibu yake. Kinda hukaa katika eneo hilo na kulia, mzazi hujibu, na kwa njia hiyo hukutana. Wakati huo ndipo anapojifunza kazi, polepole mno.

Tufanye hesabu kama ya ubaoni. Kuatamia siku 49. Kukaa kiotani siku 110. Jumla siku 159, yaani miezi mitano na kidogo. Ongeza miezi 9 hadi 11 ya kulishwa. Tunapata mwaka mmoja na miezi miwili hadi minne, na bado hatujahesabu muda wa kutengeneza kiota. Ndiyo maana kwa kawaida, hapa Afrika ya Mashariki, jozi moja ya tai hawa hulea kinda mmoja tu katika miaka miwili. Mimi niliieleza Halmashauri theluthi moja ya kazi, nikasema ndiyo kazi nzima.

Kwa kinda wetu, miezi tisa itatimia tarehe 22 Septemba 2025, na kumi na moja tarehe 22 Novemba. Mti ukianguka Julai, utaanguka mahali ambapo mzazi huleta chakula na mtoto hungojea.

Nimemwona akijifunza. Mwezi Machi alikuwa akiwarukia vijiti. Hushuka kutoka tawini kwa kishindo, hukamata kijiti kikavu, hukibana, hukitazama kwa ukali, kisha hukiacha. Mwezi Aprili alimfukuza kindi akagonga shina. Mwezi Mei aliwarukia kima waliokuwa kwenye mkuyu, nao hawakuhangaika sana. Dume lao lilitoa ule mlio wake wa tai, maana kima wana mlio wa tai ulio mbali na ule wa chui, majike na watoto wakashuka katikati ya majani, na kinda akabaki kileleni peke yake akitazama huku na huku. Baba yake anapopita, kima hao hao hunyamaza kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu.

Sasa niseme juu ya hofu, kwa kuwa najua itatajwa kikaoni. Wako wazazi wanaosema ndege huyu atachukua mtoto. Sitasema ni upuuzi. Mwaka 1924, huko Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa viumbe wa kale waliofanana na binadamu, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Mwaka 1995 wataalamu wawili walitoa hoja kwamba mtoto yule aliuawa na tai, na mwaka 2006 zilionyeshwa alama ndani ya matundu ya macho zinazofanana na zile zinazoachwa na tai wetu huyu kwenye mafuvu ya kima. Hata katika siku zetu yameandikwa matukio ya tai wa namna hii kumrukia mtoto, nayo ni machache mno katika Afrika nzima. Kumchukua na kuruka naye hawezi. Mnyama akiwa mzito humkatakata chini na kumpandisha vipande vipande, na ndiyo maana sisi tumeona mapaja na mabega kuliko wanyama wazima. Huko Durban tai hawa wana viota katika vitongoji vya mji wenyewe, karibu na nyumba na bustani za watu. Hata hivyo mtoto mdogo asiachwe peke yake makaburini, kwa ajili ya tai na kwa ajili ya nyoka. Ndama wa mbuzi naye aangaliwe. Mwenye mbuzi akinidai kwamba tai hagusi mbuzi kabisa, sitatia sahihi.

Lakini hebu tuone anachokula hasa. Mwezi Machi, wazazi wote wakiwa mbali, tulipita chini ya mti na gunia. Tuliokota mafuvu manne ya kima, moja la mbega, mataya ya pembere, na mguu wa paa mdogo. Hatukupata mfupa wa kuku. Katika msitu wa Kibale, Uganda, watafiti waliofanya kazi hii hii ya kuokota mifupa walikuta kwamba katika kila wanyama watano walioliwa, wanne au zaidi walikuwa wa jamii ya kima na mbega. Wenye mashamba ya mahindi na migomba kando ya msitu wajumlishe wenyewe. Nami nimelinda mahindi kwa debe na fimbo tangu utoto, na sijawahi kumpunguza kima hata mmoja.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani naomba jambo dogo, yaani tungoje mpaka Novemba. Ningeweza kuishia hapo, na Halmashauri pengine ingekubali. Lakini hilo lingekuwa kosa la kwanza limevaa nguo nyingine. Kinda akiondoka, wazazi hawaondoki. Jozi hukaa katika eneo lake, na kiota kilichofanikiwa hutumiwa tena. Viko viota vilivyotumika makumi ya miaka. Wakiendelea kama desturi yao, katikati ya mwaka 2026 watakuwa wanaleta tena matawi mabichi kwenye mvule huo huo, na mimi nitakuja tena kuomba mngoje. Kwa hiyo swali lililo mbele ya kikao ni kama mvule huu uuzwe au usiuzwe kabisa. Ni afadhali tuliulize hivyo.

Nami nieleze upande wa pili kwa haki. Darasa la chekechea halina paa, na watoto wamekaa chini ya mwembe masika mawili. Mvule ule ungetoa fedha za paa na za madawati, na chenji ingebaki. Nimependekeza mitiki ya shamba la chini ivunwe badala yake. Mweka hazina amenijibu kwamba mitiki haijafikia umri, na ikikatwa sasa bei itakuwa duni na hasara itakuwa ya mtaa mzima. Hoja yake ni nzito, na mimi si mtu wa mahesabu ya mbao. Nimemwomba tu alete kikaoni hesabu mbili: moja ya mvule wote, pamoja na gharama za kibali, za upasuaji na za lori, na nyingine ya safu mbili tu za mitiki zitakazotosha paa, madawati yakingojea.

Pia wajumbe wajue kwamba tangu mwaka 2012 tai huyu amewekwa katika daraja la ndege wanaokaribia kuwa hatarini kutoweka, sababu kubwa ikiwa kukatwa kwa misitu na kuuawa na watu. Misitu ya Amani ilipata hadhi ya hifadhi mwaka 1997, na tunashukuru. Lakini tai wetu hawakujenga huko. Wamejenga kwetu, makaburini.

Darubini ninayo mpaka mwisho wa Julai, na anayetaka kutazama aje kwenye mwamba kabla ya saa mbili asubuhi, avae nguo zisizong'aa, asije na mbwa. Wajumbe wote wa Halmashauri nimewaalika kwa barua. Watatu wamekwisha kuja. Mmoja wao, ambaye ndiye aliyependekeza kwanza mti uuzwe, alikaa nami alfajiri ya tarehe 12 Juni. Kinda alikuwa hajapata chakula kwa siku tatu, kwa mujibu wa daftari, na alikuwa akilia tangu kulipopambazuka. Tulikaa mpaka saa nne. Mjumbe alitazama saa yake mara nyingi, kisha akaacha kuitazama. Hatimaye dume akaja na pembere mzima, akaliacha kundi la hondohondo likipiga kelele nyuma yake, akatua. Kinda akala. Mjumbe akaniuliza, "Na kesho, Mwalimu?" Nikamwambia pengine kesho hakuna, pengine mpaka Jumapili.

Kikao ni Jumapili tarehe 13 Julai, baada ya ibada ya pili. Daftari nitakuja nalo, pamoja na mwenyewe aliyeliandika, Halmashauri ikimruhusu kuingia.